Marehemu Alikuwa Chui: Mwongozo wa Mirathi kwa Ukoo Unaojigeuza

Mzee amefariki. Poleni sana. Turubai halijashushwa, sufuria za kuazima hazijarudi kwa wenyewe, na tayari kuna mtu nyuma ya banda la mbuzi anahesabu mikungu ya ndizi kwa kidole. Kufa kufaana. Katika nyumba nyingine za hapa Kasanda, watu wakishanawa mikono baada ya maziko huulizana karatasi za shamba ziko wapi. Katika ukoo kama wetu, ambao kila mtu kuanzia hapa hadi stendi ya Kakonko anajua kuwa usiku hatuna miguu miwili, linatangulia swali jingine: marehemu amefariki akiwa nani?

Swali hili lina karatasi zake. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya watoto wa chui, wa fisi, wa bundi na wa paka mweusi, waliofiwa na wasiojua pa kuanzia. Wanasheria hawatawafaa. Vitabu vyao vinaanza na maneno “mtu anapofariki”, na hapo hapo mmeshaachwa nje ya mlango.

Kwanza kabisa, mzee afie ndani. Afie mchana, kitandani, akiwa na vidole gumba vyote viwili. Hapo mambo yatakwenda yenyewe: mtendaji wa kijiji atawaandikia barua, mtapata kibali cha mazishi, kibali kitawafikisha RITA, na RITA watatoa cheti cha kifo. Ukiwa na cheti unaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo kujaza Fomu Namba 1 ya kuomba usimamizi wa mirathi. Lakini mzee akifia porini, upande wa mashariki kuelekea Pori la Akiba la Moyowosi, tena akiwa na mkia, cheti msahau. Watakuja maofisa wanyamapori wa TAWA, watapiga picha, watapima urefu wa meno, wataondoka na mzee wenu kwenye gari. Na msithubutu kudai fidia. Serikali hutoa kifuta machozi kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na kifuta jasho kwa mwenye shamba lililoliwa. Fungu la familia ya mnyama halipo. Baba mdogo alikwenda kuulizia.

Pili, jiandaeni kwa swali la mahali. Litaulizwa kwenye kila fomu na litawachanganya. Baba yetu alizaliwa Kasanda, Wilaya ya Kibondo, akafia Kasanda, Wilaya ya Kakonko, na hakuwahi kuhamisha hata kitanda. Mwaka 2012 wilaya ndiyo iliyojigeuza. Ililala Kibondo ikaamka Kakonko, mchana kweupe, kwa tangazo la serikali, na hakuna aliyeitwa mchawi. Zamani zaidi hapa palikuwa Buyungu, nchi ya mwami, na Kibondo ilikuwa Muhambwe. Baadaye Buyungu na Muhambwe yakawa majimbo ya uchaguzi. Badala ya ng'ombe wa mwami unaona mabango ya wagombea.

Shamba la babu lina historia ndefu kuliko yetu. Miaka ya 1930 Waingereza waliwakusanya watu wa Kibondo sehemu moja ili kuwaepusha na mbung'o na malale, na kule walikotoka kukaota miombo. Waliobaki wakabaki, waliorudi wakarudi, hadi mwaka 1972 ilipokuja Operesheni Kigoma na kuwapanga watu kwenye vijiji vya ujamaa kando ya barabara. Mji ukawa hame, hame likawa kichaka, kichaka kikawa pori, na marehemu alikuwa akienda kutundika mizinga ya nyuki kwenye pori hilo kwa kunyatia kama mwizi, penye makaburi ya babu zake mwenyewe. Halafu tunaambiwa wanaojigeuza ni sisi.

Sasa kikao cha ukoo. Hiki ndicho kinachopendekeza jina la msimamizi wa mirathi, nacho hakina maana bila muhtasari. Andikeni tarehe, ajenda, majina ya waliohudhuria, na kila mmoja atie saini au dole gumba. Kwenye dole gumba ndipo koo nyingi za aina yetu hukwama, kwa hiyo fanyeni kikao saa nne asubuhi.

Waswahili wanaposema usimkabidhi fisi bucha, wanatoa mfano. Kwetu ni ajenda namba moja. Baba mdogo anajulikana kijiji kizima kuwa ni fisi: anatembea akiegemea upande mmoja, anacheka mahali pasipochekesha, na hajawahi kukosa msiba uliochinja ng'ombe. Udongo wa kaburi haujakauka alishajipendekeza mwenyewe. Hoja yake, ambayo imeandikwa kwenye muhtasari, ni kwamba yeye ana uzoefu wa muda mrefu na marehemu mbalimbali.

Mwambieni kwa heshima, “Shikamoo baba mdogo,” kisha mwelezeni kazi ilivyo. Msimamizi anakusanya mali, analipa madeni, anagawa kwa warithi, kisha anarudi mahakamani. Ana miezi minne ya kuwasilisha Fomu Namba 5, ambayo ni orodha ya mali, na Fomu Namba 6, ambayo ni hesabu ya alichokipata na alichokitoa. Baba mdogo alisikiliza maelezo yote hayo kwa makini na akabaki na neno moja, “anakusanya.” Akaanza siku hiyo hiyo kwa kukusanya baiskeli.

Hatua ya tatu ya mwongozo huu haipo. Nilikuwa nimeiandika vizuri kwenye daftari. Baba mdogo aliliomba daftari akalisome, na amesema ataleta.

Kuhusu wosia sitawachosha, maana mzee wa aina yetu haandiki. Ila mjue kwamba sheria ya kimila inautambua hata wosia wa mdomo, mradi uwe na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wale wawili wa ukoo mtawapata. Hao wa nje, kama mzee ametoa wosia wake usiku kwa sauti yake ya usiku, mtawakuta Kibondo mjini wakitafuta vyumba vya kupanga.

Tukaingia kwenye orodha ya mali. Hapa msiwe na haraka, na andikeni kila kitu kama kilivyo. Marehemu wetu aliacha ekari mbili na nusu za mihogo na maharage, migomba nyuma ya nyumba, mbuzi sita, mizinga kumi na moja iliyo porini ambayo hatuwezi kuitaja mbele ya mtu wa misitu, bani moja la kukaushia tumbaku lililoinama, na deni la pembejeo kwenye chama cha msingi, deni lenye afya kuliko sisi sote. Aliacha baiskeli, ambayo ilishakusanywa. Na chini ya kitanda aliacha sanduku la bati lenye kufuli.

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuona ndani ya sanduku lile, na kila mtu anajua kilichomo. Ni ngozi. Ndiyo mali kubwa ya marehemu, ndiyo iliyotulisha. Kwa miaka thelathini na zaidi hakuna mtu aliyeiba mkungu mmoja kwenye migomba ya baba. Majirani walifunga mbwa, walizungushia miiba, walilala mashambani na marungu, na bado waliibiwa. Kwetu hapakuwa na ua wala mbwa. Palikuwa na habari tu: mwenye shamba hili ni chui. Na ushahidi ulikuwepo. Chui hangurumi kama simba. Sauti yake ni ya kukatakata, mfano wa msumeno unaopasua mbao. Usiku wa manane sauti hiyo ilisikika ikizunguka shamba la baba. Zaidi ya hapo, watu watatu kwa nyakati tofauti waliona madoa kwenye mwanga wa mbalamwezi. Mmoja wao hadi leo akipita kwetu hupita akikimbia, na sasa ana miaka sabini na mbili.

Sasa, ngozi hiyo mtaiandika kwenye Fomu Namba 5 au hamtaiandika? Mkiificha, mmedanganya mahakama. Mkiitaja, mmekiri kuwa na nyara za serikali, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haina mzaha. Kila mwezi redio inatangaza mtu aliyekwenda jela miaka 20 kwa kukutwa nazo. Kaka yetu mkubwa, ambaye alikuja na basi kutoka Dar es Salaam na suti ya msibani, alitoa hoja kwamba ngozi ya mtu mwenyewe haiwezi kuwa nyara ya serikali, kwani hata ngozi yake yeye aliyokuwa nayo pale kikaoni hakuwa na kibali cha kuimiliki. Hoja ilishangiliwa. Mimi kitinda mimba, mshika kalamu, niliandika: “Sanduku moja la bati. Thamani itajulikana.”

Lakini kabla ya kujua thamani, kaka alitaka ijulikane ni la nani. Na hapa alikuja amejiandaa. Alikuwa amesoma zile kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963, mwaka ule ule ambao serikali ilifuta utawala wa machifu. Watemi na wami waliondoka, desturi zao zikabaki zimepigwa chapa. Kanuni zinawapanga warithi kwa madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa daraja la kwanza, wanaume wengine la pili, na mabinti wote, hata aliyemuuguza baba miaka mitano, la tatu. Mjane hana daraja. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kwa hiyo, akasema kaka, uchui ni wa daraja la kwanza. Mwenye cheo ndiye mwenye mnyama. Akatoa mfano wa Njombe: simba waliokula watu kule miaka ya 1930 na 1940, hadi bwana nyama George Rushby alipokwenda kuwawinda mwaka 1947, wenyeji hawakuwahesabu kuwa simba wa kawaida. Walisema ni wa mganga Matamula Mangera aliyevuliwa cheo, na kwamba dawa ya simba ni kumrudishia cheo chake. Kaka akakaa, akakunja miguu, akasubiri arudishiwe chake.

Dada yetu, ambaye anafundisha shule ya msingi huko Kasulu, alikuwa akimenya mihogo. Akamjibu bila kuacha kumenya.

“Kaka, umesoma Njombe, soma na Singida. Miaka ile ile ya 1940 kule Singida maiti zilikuwa zinaokotwa zina alama za makucha, watu wakasema simba, wengine wakasema ni mbojo, watu-simba. Serikali ilipochunguza ikakamata watu, ikawashitaki watu, ikawanyonga watu. Hakuna simba aliyepandishwa kizimbani. Ukitaka daraja la kwanza la hilo, chukua.”

Wajomba wakacheka. Kaka hakucheka. Dada akaendelea na muhogo mwingine. “Na kama ni mnyama kufuata wanaume, mwami wa Heru hapo Kasulu aliitwa nani?”

Kila mtu alijua. Ntare. Na ntare ni simba. Lilikuwa jina la enzi, na miaka ya 1940 likamfikia binti, Mwami Theresa Ntare. Waha wa Heru wakatawaliwa na simba jike miaka mingi kabla ya hizo kanuni za 1963 kuchapwa, na milima haikuporomoka.

Ushauri kwa wasomaji: msimwachie mwalimu amenye mihogo kwenye kikao. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unapata nafasi.

Usiku ule kaka alikwenda nyuma ya nyumba kujaribu. Sitaeleza sana kwa sababu ni mkubwa wangu. Nitasema tu kwamba alikoroma mara tatu, na kwamba mbwa wa jirani alimfukuza hadi chooni.

Asubuhi tukaamua kufungua sanduku. Hiki ni kipengele muhimu, kwa hiyo fuateni utaratibu: mjumbe wa nyumba kumi awepo, mshika kalamu awepo, kufuli livunjwe na mtu asiye mrithi. Wahenga waliposema ngozi ivute ingali maji hawakuwa wameona ukoo wetu siku ile. Kila mtu alikuwa ameshashika upande wake kabla kifuniko hakijainuka.

Ndani mlikuwa na blanketi.

Ni yale mablanketi mazito ya madoa ya chui, yanayouzwa kwenye magulio, ambayo pengine na wewe unalo. Limekunjwa vizuri, lina harufu ya sabuni ya mche na moshi wa tumbaku. Chini yake kulikuwa na kopo la rangi ya viatu, nyeusi, imebaki robo.

Palikuwa kimya. Baba mdogo aliligeuza blanketi upande wa pili, akalinusa, akaliweka chini. Hakucheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Ndipo mama, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango tangu msiba uanze, na ambaye kwenye muhtasari wa kikao jina lake halikuwemo, akasema:

“Msilivute hivyo, limechakaa. Hilo ni la pili. La kwanza liliungua bani lilipowaka moto. Madoa yakipauka nilikuwa nayapaka kiwi. Yeye macho yake hayakuona vizuri, angepaka ovyo.”

“Na ile sauti, mama?”

“Kifua. Tumbaku ya miaka arobaini. Nilimwambia aende hospitali akasema akipona wataiba ndizi.”

Hebu tulia hapo kidogo, wewe unayesoma ili ukagawane mali. Chui tuliyekuwa tunamgombania alikuwa wa watu wawili. Mzee alitoa kikohozi na miguu ya kuzunguka shamba usiku. Mama alitoa madoa. Alifua, akaanika chumbani milango imefungwa, akapaka, akakunja, akafunga, na kwa miaka yote hiyo hakumwambia hata shoga yake wa kisimani. Dada alikuwa wa kwanza kuliona upande wa sheria. Alisema mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kuwa kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kesi ile ilikuwa ya talaka, si ya mirathi, na haikuzungumzia kiwi. Lakini kama kupika na kufua ni mchango, akauliza, kupaka chui madoa ni nini? Kaka akajibu kuwa kanuni ni kanuni. Dada akamwambia hizo kanuni zimekwisha kutolewa ila na majaji wa hapa hapa nchini, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake iliitaka Tanzania izirekebishe, baada ya wajane wawili kupeleka malalamiko yao huko. Baba mdogo akauliza kama kamati hiyo itahudhuria kikao kijacho na kama itahitaji chakula.

Mnaweza kudhani kwamba kufikia hapo kazi ilikwisha: funga blanketi, rudisha sanduku, apewe kaka uchui wake wa kitambaa, maisha yaendelee. Hata sisi tulidhani hivyo. Tulikubaliana, kwa dole gumba, kwamba siri isitoke. Habari ya chui ndiyo ua wa shamba, na ua haubomolewi siku ya kugawana.

Hili ndilo kosa ambalo mwongozo huu unataka mliepuke.

Siku ya kumi na mbili mtoto wa jirani alikuja kuazima chumvi akakataa kuingia ndani. Siku ya kumi na nne mwanamke mmoja kwenye kisima aliondoa ndoo yake mama alipoweka ya kwake. Siku ya kumi na sita tukaanza kulisikia lenyewe: chui hafi kwa kifua. Chui akifa, kuna aliyemla. Nani alikuwa analala naye?

Angalieni jinsi mali ile ile ilivyogawanyika yenyewe bila kikao na bila fomu. Kaka mkubwa akipita barabarani, vijana walishuka kwenye baiskeli wakamwamkia: huyo ni mtoto wa chui. Mimi mwenyewe dukani nilikopeshwa sukari bila kuulizwa nitalipa lini. Tulipokea heshima. Mama, mwenye miaka sitini na tisa, mwenye macho mekundu ya moshi wa bani, alipokea kilichobaki. Hapakuwa na chui wawili. Ilikuwa habari moja, ya nyumba moja.

Kisha tukasikia kwamba kijiji cha pili wameitwa lambalamba. Wengine huwaita kamchape. Kama hamwajui, ni wale wanaoingia kijijini kwa ngoma, kila kaya inachangishwa fedha, wanapita nyumba kwa nyumba wakichimbua pembe na vibuyu ambavyo mara nyingi vimefika pale kabla yao kwa muda mfupi tu. Serikali imekataza ramli chonganishi mara nyingi kadiri ilivyotangaza. Sheria ya Uchawi, ambayo tunayo tangu mwaka 1928, inamtia hatiani hata anayemwita mwenzake mchawi. Lakini sheria hulala ofisini saa tisa na nusu, na lambalamba hufanya kazi jioni. Wakifika kwenye nyumba yenye mjane na sanduku la bati lenye kufuli jipya, kazi yao itakuwa nyepesi mno.

Kaka alipinga tulichotaka kufanya. Alisema tukilitoa blanketi hadharani tumeteketeza mali ya ukoo, na msimamizi anayeteketeza mali anashitakiwa. Kwa sheria alikuwa na hoja. Alipiga hesabu ya mikungu ya ndizi kwa mwaka, akazidisha kwa miaka, akatuonyesha. Ni fedha nyingi. Dada akamwuliza mama anauzwa bei gani, naye akatoka nje kuvuta hewa.

Aliyetushangaza ni baba mdogo. Alisimama, akaegemea upande wake ule ule, akasema yeye ameitwa fisi tangu alipovunjika nyonga akiwa na miaka tisa, alipoanguka kutoka kwenye mti wa mzinga. Jina hilo limemlisha kwenye misiba mingi na hajutii. “Lakini mimi ni mwanaume,” akasema, “watu wakinicheka hucheka na mimi.” Akaleta kamba. Ilikuwa kamba yetu, aliyoikusanya wiki ya kwanza.

Kwa hiyo hatua ya tatu, sasa daftari limerudi, inasomeka hivi. Kabla ya Fomu Namba 5, kabla ya kupima shamba, kabla ya kumtafuta mnunuzi wa mbuzi, fungeni kamba mbele ya nyumba upande wa barabarani, mwanikeni marehemu juani, na mjane akae hapo hapo kwenye kigoda na kopo lake la kiwi, aeleze kila anayepita alivyokuwa anafanya. Wacheke. Waitane. Yule mzee wa miaka sabini na mbili mleteni kwa mkono, ashike madoa, aone kama yanatoka.

Tulifanya hivyo Alhamisi. Hadi jioni barabara ilikuwa imejaa, na mama alikuwa ameshaomba maji mara tatu kwa kuongea. Mwanamke wa kisimani alileta blanketi lake, nalo lilikuwa la madoa, akauliza kama kiwi ya kahawia inafaa.

Blanketi bado liko kwenye kamba. Mkungu wa kwanza uliibwa jana usiku.